Flabbergast: majibu kwa mlioniuliza kuhusu hili neno

Shikamoo mwalimu. "Flabbergasted" maana yake nini hasa? Kamusi yangu inasema tu "kushangaa sana". (Tanga)

Marahaba mwanangu. Kamusi haijakosea ila imekupunja, kwa sababu kushangaa sana unaweza kushangaa huku unaongea, ila hapa mtu anakosa hata cha kusema, kapigwa na butwaa. Chukua jamaa aliyekukopa laki tatu mwaka juzi, simu zako hapokei, ukaisamehe hela kimoyomoyo, alafu leo asubuhi anagonga mlango na bahasha, hela yote imo na kilo mbili za sukari juu yake, wewe umesimama tu hapo mlangoni hata karibu ndani umesahau kumwambia. Hapo ndo unasema "I was flabbergasted". Na angalia, Waingereza nao mara nyingi wanalisema kwa kutendwa kama sisi tunavosema nimepigwa na butwaa.

Naomba kujua lilitoka wapi, ni Kilatini? (Dodoma)

Hapana, na asili yake mpaka leo wataalamu hawajakubaliana. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1772 kitabu cha matukio ya mwaka kilichokuwa kinatoka London, Annual Register, kilikuwa na makala ya kulalamikia maneno mapya ya watu wa mjini, mwandishi anasema saivi watu wako "flabbergasted" na "bored" kuanzia asubuhi mpaka usiku, bungeni mpaka kanisani. Yaani hata "bored" lilikuwa neno la fasheni wakati huo! Mi hii naipenda sana maana inaonyesha wazee kulalamikia lugha ya vijana hakujaanza na sheng.

Wengi wanadhani mtu alichukua "flabby", kitu kilicholegea kama nyama za shavu, au "flap", kupigapiga kama bendera, akaunganisha na "aghast", aliyeshikwa na hofu. Hilo la mwisho ndo lina historia ndefu. "Gast" ya zamani ilikuwa ni kumtia mtu hofu, na ni ukoo mmoja na "ghost", mzimu. Ile h ya kwenye "ghost" inayowasumbua watoto wetu kwenye imla inahusishwa na kiwanda cha William Caxton, aliyepeleka uchapaji Uingereza mwaka 1476 baada ya kuishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, na huko neno lao la mzimu lilikuwa linaandikwa na h. "Aghast" nalo likaja kuvishwa h hiyo hiyo.

Mwalimu, ofisini tuliandika rambirambi "we are flabbergasted by the death of our colleague", bosi akakataa kusaini. Alikuwa sawa? (Nakuru)

Alikuwa sawa kabisa na mshukuruni. Poleni kwa msiba. Flabbergast lina uchangamfu ndani yake, hata mlio wake ni wa kuchekesha, Mwingereza akilisoma kwenye barua ya msiba atahisi mnatania marehemu. Andikeni "shocked and saddened", ni maneno ya kawaida lakini familia inayafahamu na hayamuumizi mtu.

Astonish, appal, gobsmack, yote si ni yale yale? (Mwanza)

Si yale yale kaka. "Astonish" limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini "tonare", kupiga radi, kwa hiyo ni kama umepigwa na radi. "Appal" asili yake ni kupauka uso, na linatumika kwa jambo baya tu, huwezi kuwa "appalled" na zawadi. "Gob" ni mdomo kwa lugha ya mtaani hasa kaskazini mwa Uingereza, na "smack" ni kofi, mwimbaji Susan Boyle wa Scotland alilitumia sana 2009 baada ya kuimba kwenye TV na dunia nzima ikalisikia.

Kuna "flabbergasting"? (Kilifi)

Lipo. "The news was flabbergasting."

Fundi wangu anasema shokapu na "shock" ni neno moja, ni kweli? (Moro)

Kweli kabisa. "Shock" linatokana na Kifaransa "choquer", kugongana, na Waingereza walilitumia kwanza kwa majeshi mawili yanapovaana, alafu ndo likaja kwenye moyo wa mtu. Maana ya kupigwa na umeme ilifuata miaka ya 1740, mwaka 1746 padri Nollet kule Ufaransa aliwapanga walinzi 180 wa mfalme wameshikana mikono mbele ya Louis XV, akapitisha umeme kutoka kwenye chupa ya kuhifadhia umeme, wakaruka wote kwa pamoja. Shokapu nayo kazi yake ni kumeza mgongano wa tairi na shimo, kwa hiyo imebaki karibu kabisa na maana ya kwanza. Ila shoti ya umeme usiichanganye humo, ile imetokana na "short", umeme unapokatisha njia fupi.