Kwa mnaoanza fiziotherapia ya wazee: anzeni na kiti

Mzee akiletwa kwenu kwamba miguu imemwishia nguvu, msimpime kwa macho. Mpeni kiti, akunje mikono kifuani, anyanyuke na kuketi mara 5 bila kupumzika. Akizidi sekunde 15, nguvu zimepungua kweli. Mimi huangalia zaidi anavyoketi. Akishuka taratibu, mapaja bado yana breki. Akijitupa puu, mwangalieni vizuri: uzee hula zaidi nyuzi za misuli za kasi, na hizo ndizo zingemwokoa akijikwaa kwenye mkeka.

Nilipoanza kazi nilibeba maelezo ya darasani bila kuyachambua. Mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, zikitengeneza nishati huvujisha radikali huru, molekuli zinazoshambulia chochote kilicho karibu; radikali zinaharibu protini, mafuta na DNA za seli, uharibifu unalimbikizana, msuli unasinyaa. Wazo la radikali kuzeesha mwili mwanasayansi Denham Harman alilitoa mwaka 1956, mitokondria akaziongeza mwaka 1972, na lina ukweli ndani yake, maana msuli uliozeeka mara nyingi hulemewa kuondoa mitokondria zilizochakaa. Basi, kwa kuwa vitamini C na E huzima radikali, sikuona ubaya familia zikizinunua kwa wingi. Bibi mmoja aliletwa na mfuko mzima wa makopo, binti yake ametumia akiba yake, na bibi mwenyewe wiki tatu hajavuka kizingiti. Niliyasifu makopo. Wiki tatu za kitandani sikuziuliza, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu siku 10 tu za kulala zimewahi kuwapunguzia wazee wazima wa afya karibu kilo 1 ya misuli ya miguu.

Kilichonibadilisha ni utafiti wa Michael Ristow na wenzake, Ujerumani, 2009. Vijana wa kiume walifanya mazoezi wiki 4. Waliomeza kila siku miligramu 1000 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E, miili yao haikuboreka katika kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Wenzao wasiomeza waliboreka. Wale si wazee, na kilichopimwa si nguvu, kwa hiyo msiunyooshe utafiti huo kupita urefu wake. Ila mimi ulinifundisha kwamba radikali chache zinazozaliwa msuli ukifanya kazi ni kengele. Seli ikiisikia huongeza vimeng'enya vyake vya kujilinda, kama superoksidi dismutasi, na kutengeneza mitokondria mpya. Ukiinyamazisha, hakuna anayeamka.

Na wazee huitikia, jamani! Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, Boston, waliwapa wazee dhaifu wa karibu miaka 90 mazoezi ya uzito mkubwa wiki 8, chini ya uangalizi. Nguvu za mapaja zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Uzito mkubwa, nasema. Kuwapungisha mikono hewani ni kuwapotezea muda.

Chakula chenye protini ya kujenga msuli msikisahau: dagaa, maharage, mayai, kila mlo, mwenye ugonjwa wa figo apitie kwa daktari kwanza.

Yule bibi alirudi. Binti alisimama nyuma yake tayari kumshika kwapani. Nikamwambia, "Dada, kaa karibu, lakini usimshike." Bibi akajifunga khanga vizuri, akajaribu mara mbili akarudi kitini. Ya tatu akasimama, mikono ikimtetemeka magotini. "Haya, mwanangu," akaniambia, "nihesabie tena."