Ukienda kumtafuta nambati, anza na kuvumwani

Dryandra ni msitu wa mikaratusi kusini-mashariki mwa Perth, Australia Magharibi, na kila mgeni ninayempeleka huko anataka nambati tu. Sishangai. Ni mnyama mdogo wa kundi moja kubwa na kangaruu, mgongo una mistari myeupe, mkia umetimka, na waliokomaa porini wanakadiriwa hawafiki 1,000. Lakini mimi humwambia mgeni kwanza achuchumae kwenye jiwe.

Pale jiweni kuna kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioungana wakawa mwili mmoja. Kuvu hutunza unyevu, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Ikikauka utadhani ni rangi kuukuu inayobanduka. Idondoshee maji kidogo, usubiri: inalainika na kukolea ukijani huku unaitazama. Mvua ikikosekana inalala, ikinyesha inaamka. Ndiyo maana imetapakaa kila mahali.

Nambati hawezi kulala hadi mambo yawe mazuri. Kwa siku anaweza kula mchwa 20,000, na kwa kuwa hana nguvu za kubomoa kichuguu, huwangoja wasogee karibu na uso wa ardhi udongo unapopata joto. Kwa hiyo wakati wa baridi mtafute mchana. Kiangazi, asubuhi na alasiri. Mchwa ndio pia wanaotoboa moyo wa mti wa wandoo, aina ya mkaratusi, na gogo lenye uwazi likianguka linakuwa nyumba yake na maficho yake. Waliommaliza zaidi ni mbweha walioletwa kutoka Ulaya, pamoja na paka shume. Tangu 1996 serikali ya jimbo hutega mbweha kwa sumu iitwayo 1080, ambayo wanyama wenyeji wanaivumilia zaidi kwa sababu imo kiasili katika mimea ya huko.

Basi endesha gari polepole, vioo chini, macho kwenye magogo. Ukimwona, zima injini na ubaki ndani. Usiokote kuni kabisa. Inaniuma kuona mtu anachoma makazi ya mnyama aliyebaki mchache hivi. Wala usikanyage kuvumwani kavu. Inavunjika upesi, na kwa mwaka hukua milimita chache tu.

Kama una watoto, wabebee kioo cha kukuzia. Kumngoja nambati kunaweza kuchukua siku nzima, na kwenye mawe hawatakosa cha kutazama.