Bajaji imebonyea kidogo tu ila shingo haigeuki, nitathibitisha vipi?

SWALI: Habari za kazi wakili. Nauza viazi Mwanjelwa, nakaa Uyole. Mwezi uliopita nilipanda bajaji, tumesimama pale Kabwe Noah ikatugonga nyuma, dereva wa Noah akaomba msamaha akanipa elfu 20 kila mtu akaenda zake. Kesho yake shingo ikagoma. Siku ya 4 nikaenda hospitali, eksirei ikasema mifupa mizima. Gunia sibebi tena, na yule dereva anasema bajaji yenyewe haijaumia nitaumiaje mimi. Nikienda mahakamani nitapata haki? – Mama wa Uyole

JIBU: Pole sana mama. Hilo neno la bajaji kutoumia lisikutishe, ukigongwa nyuma kichwa kinarushwa ghafla misuli inavutika, watu wengi wanaanza kusikia maumivu kesho yake, na eksirei inaonyesha mfupa, misuli haionyeshi. Ila hakimu naye haioni hiyo misuli, na kisheria anayedai ndo anathibitisha. Bahati nzuri hii ni kesi ya madai, sio jinai, inatosha ushahidi wako uwe mzito kuliko wa mwenzako.

Pagumu kwako ni zile siku kabla ya hospitali, na ajali haikuripotiwa. Wakili wa upande wa Noah atakuuliza hapohapo, tutajuaje hukuumia ukinyanyua gunia? Kwa hiyo nenda trafiki karipoti hata kama umechelewa, eleza kwa nini, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Daktari akishaijaza isome kabla hujatoka chumbani, maana akiandika "maumivu ya shingo" akaishia hapo haikufikishi mbali. Mwombe aandike shingo inageuka mpaka wapi kulia na kushoto, misuli imekaza sehemu gani, ulimwambia yalianza lini, na kama kwa maoni yake yanaendana na kugongwa nyuma. Kama shingo ilishawahi kukusumbua zamani mwambie tu, wakija kulifukua wao hata ya kweli hayataaminika.

Kwenye hela, dawa na nauli ni hasara mahususi, na Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1992 kwamba hasara hizo lazima uzitaje kwenye madai na uzithibitishe kabisa, bila risiti umepoteza. Biashara iliyoshuka itaonekana kwenye daftari lako la mauzo, la kabla na baada, usilitupe hata kama limelowa. Maumivu yenyewe hakimu anakadiria. Ile elfu 20 itaje, usiifiche, na usisaini karatasi yoyote ya kumalizana sasa hivi.

Noah kisheria lazima iwe na bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa aliyeumizwa na gari, kwa hiyo tafuta namba ya gari uipe kampuni ya bima taarifa mapema kabla ya kufungua kesi, mara nyingi wao ndo walipaji. Sheria inakupa miaka 3 kudai, lakini dereva wa bajaji ndo shahidi wako mkubwa, mtafute wiki hii hii maana hawa vijana wanahama kijiwe na namba za simu wanabadilisha.