Ukiandika Gĩkũyũ, unganisha herufi zako kwanza

Juzi dada mmoja anayekusanya methali za kwao Nyeri aliniandikia: "Kaka, neno mũndũ naliona kwa macho yangu kwenye faili, lakini nikilitafuta naambiwa halipo. Kompyuta imeharibika?" Jibu nililompa lilirefuka, na kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mnataka kuona lugha za nyumbani zimechapwa kama zinavyostahili, naliweka hapa kwa wote.

Kompyuta ni nzima, dada. Herufi ĩ, sawa na ũ ya mũndũ, inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni herufi moja iliyokamilika, ambayo Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, imeipa namba 0129. Ya pili ni i ya kawaida ikifuatwa na alama ya wimbi iliyo peke yake, namba 0303, ambayo huenda kukaa juu ya herufi iliyoitangulia. Kwenye skrini hutaona tofauti. Ndani ya faili la UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi namba hizo, ile ya kwanza ni baiti mbili, C4 A9, na ile ya pili ni baiti tatu, 69 CC 83. Programu nyingi za kuandikia zinapotafuta neno hulinganisha namba hizo, hazitazami sura. Ukichapa mũndũ ya aina moja huku faili lina ya aina nyingine, utaambiwa halipo.

Mimi haya niliyajulia kazini. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kitabu cha maneno ya Gĩkũyũ, na Kiswahili upande wa pili, nikipange kurasa. Ilikuwa kazi niliyoitamani tangu nianze shughuli hii. Waandishi walikuwa watatu. Mmoja alichapa kwa simu, na simu yake ilimpa herufi zilizokwisha kuungana. Wa pili alikuwa na laptopu ambayo kibodi yake inatanguliza i, kisha wimbi linafuata. Wa tatu alinakili kutoka PDF za zamani, akaniletea mchanganyiko wa zote mbili. Nilipoagiza orodha ipangwe kwa alfabeti, maneno yanayoanza na mũ yakagawanyika makundi mawili: yenye wimbi la kuongezwa yakakaa mkiani mwa maneno ya mu, na yenye herufi moja yakasukumwa hadi mwisho kabisa wa M. Mũgũnda likawa na makao mawili, kurasa zilizoachana mbali, na maana zimeandikwa mara mbili. Isitoshe, kwenye fonti tuliyopewa, mawimbi ya kuongezwa yaliegemea kando, na kitone cha i kikabaki palepale chini yake.

Ofisa wa kampuni iliyotupa kazi akaniambia mbele ya wenzangu: "Si uondoe tu hivyo vimkia? Watu watasoma tu." Sikumjibu pale, lakini maneno yale yananiuma mpaka leo. Gĩkũyũ ina irabu saba, na ĩ na ũ ni mbili kati ya hizo. Ukiondoa wimbi umefuta irabu mbili za watu ili mashine isisumbuke. Sijasikia Mfaransa akiambiwa aandike bila alama zake. Mbona sisi tuambiwe, tena na watu wa kwetu?

Nilirudi nyumbani nikafungua faili kwenye Vim, programu ya kuandikia. Weka kasa (alama inayoonyesha mahali ulipo kwenye maandishi) juu ya herufi unayoishuku, bonyeza g kisha a. Tazama palipoandikwa Hex: herufi iliyoungana inaonyesha namba moja, 0129 kwa ĩ au 0169 kwa ũ. Isiyoungana inaonyesha namba mbili, na ya pili ni 0303. Nikiwa palepale nikaandika amri hii, inayolipitisha faili zima kwenye programu ndogo iitwayo uconv:

:%!uconv -x any-nfc

Faili zima likaunganika. NFC ni jina la utaratibu wa Unicode unaochukua herufi na alama yake na kuvifanya herufi moja, pale ambapo herufi hiyo ipo kwenye orodha. Kinyume chake ni NFD, unaotenganisha. Kwenye Emacs, programu nyingine ya kuandikia, chagua maandishi yote kisha uite ucs-normalize-NFC-region. Wanaotunga programu kwa lugha ya Python wana unicodedata.normalize. Kwa LibreOffice, weka kasa baada ya herufi na ubonyeze Alt na X: ukiona 0303, jua bado haijaungana.

Kitabu kilitoka na mawimbi yake yote. Nakala ninayo rafuni, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu naanza kwa kumfungulia ukurasa wa mũ.

Kwa hiyo nakusihi, wewe unayeandika hadithi za nyanya yako au nyimbo za kanisa kwa Kikamba: unganisha kwanza. Kabla ya kutafuta, unganisha. Kabla ya kupanga alfabeti au kuhesabu maneno, unganisha. Ukipokea faili la mtu mwingine, hata kama ni mwalimu unayemheshimu, liunganishe kabla hujaligusa. Na unapochapa mwenyewe, zoea kuandika herufi iliyokamilika tangu mwanzo. Kwenye Vim ukiwa unaandika, bonyeza Ctrl na K, kisha i na alama ya kuuliza, upate ĩ. Weka u badala ya i upate ũ. Vidole vitazoea. Mtu akikuambia alama hizi hazina maana, usikubali, na usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Kuna jambo moja kwa ndugu wanaoandika Kimaasai au Lingala. Herufi ɛ́ na ɔ́ hazina namba moja ya pamoja, na kwa kanuni za Unicode msitarajie ije kuongezwa. NFC itaziacha zilivyo, namba mbili mbili, na hilo si kosa la faili lenu. Utaratibu ni uleule, pitisheni faili lote NFC ili kila kitu kiwe cha aina moja, kisha tafuteni fonti inayojua kuweka alama mahali pake. Charis SIL na Andika zinaweza, na zote mbili ni za bure. Kwenye Vim, ukitaka kufuta alama ya juu peke yake na kuacha herufi, andika :set delcombine, kisha tumia x kama kawaida.