Maswali na majibu: Tumbaku imekauka hadi inakuwa unga

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nimeletewa nusu kilo ya tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto, kutoka Urambo niikate nyembamba kwa ajili ya kiko cha babu. Imekauka mno, ukiishika inasagika. Nimeinyunyizia maji, majani mengine yamelowa na kutoka madoa meusi, mengine bado yanavunjika. Jirani anasema niifungie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vipande vya kiazi. Nifanye hivyo? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Marahaba. Kiazi usiweke. Wala ganda la chungwa, wala asali iliyozimuliwa. Kiazi kibichi hulowesha pale kinapogusa tu, kisha huoza, na huingia mfukoni na vimelea vya ukungu kutoka shambani. Ushauri huu unazunguka kila mahali, na wanaoufuata hurudi kuuliza namna ya kutoa ukungu.

Kosa liko kwenye wazo lenyewe kwamba jani kavu linataka maji. Jani la tumbaku hufyonza unyevu kutoka hewani. Mkulima akimaliza kukausha hufungua milango ya bani, yaani banda la kukaushia, usiku, au humwagia maji sakafu, majani hayamwagii. Tone la maji huacha doa, tena huingia kwenye mshipa wa kati, ambao hukauka polepole kuliko jani lenyewe. Utadhani tumbaku iko sawa, kumbe ukungu unaanzia kwenye mshipa.

Ungekuwa Tanga au Dar es Salaam ningekwambia uyatundike usiku kucha kwenye upepo, basi. Kwa hewa kavu ya Dodoma tumia chumvi. Changanya gramu 300 za chumvi ya mezani na mililita 150 za maji. Ibaki kama uji mzito wenye chembe. Chumvi iliyolowa hivyo, ndani ya chombo kilichofungwa, huishikilia hewa kwenye unyevu wa karibu asilimia 75. Weka bakuli chini ya pipa la plastiki la lita 60, juu yake weka wavu, panga majani bila kuyabana, funika. Jani lisiguse chumvi. Subiri siku mbili hadi tatu, usizidishe nne, kwa sababu unyevu huo ukikaa muda mrefu huzaa ukungu.

Mizani ya jikoni itakwambia ulipofika. Jani linalosagika huwa na maji chini ya asilimia 10. Tuseme ni 8: katika gramu 500 zako, 460 ni jani tupu. Kwa kukata unataka asilimia 18, yaani uzito ufike kama gramu 560. Zungushia jani kidoleni. Lisipopasuka, ng'oa mshipa wa kati, panga majani kumi hivi, yaviringe yakaze, ukate kwa kisu kikali kama unavyokata sukuma wiki, upana wa milimita moja. Kisha tandaza kivulini hadi mzigo urudi karibu na asilimia 13. Hesabu upya kwa uzito uliobaki baada ya kutoa mishipa. Ukifunga mapema, utafunga ukungu ndani ya kopo.

Vaa glavu: nikotini huyeyuka kwenye maji na hupita kwenye ngozi, na jani lililolowa huleta kichefuchefu na kizunguzungu. Watoto wasishike kabisa. Na anayekwambia kuosha jani kwa maji ya asali hupunguza madhara ya kuvuta, anakudanganya.

Madoa yako yachunguze. Doa jeusi lisilo na manyoya ni rangi tu iliyoharibika. Ukiona manyoya meupe au ya kijani, au ukisikia harufu ya uvundo, tupa.

Maji hayahaya ndiyo yanayoharibu marobota. Kuna wanaowashawishi wakulima kunyunyiza ili uzito uongezeke kabla ya soko. Robota hupata joto katikati, jani linakuwa jeusi, na mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku sokoni, akiingiza mkono ndani analikataa lote. Hapo hao hao huja na dawa ya pili: anika juani, ukungu utakufa. Jua hukausha manyoya, lakini mbegu za ukungu na sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Jani la namna hiyo halikatwi, halitafunwi, wala halisagwi kuwa ugoro, hata kama limekauka vizuri na harufu imepotea.