Kabla ya Kumwuliza Mwenzako "Unajuaje?"

Niliwahi kumpoteza rafiki kwa miezi minne kwa swali la neno moja. Yeye ni mwalimu wa fizikia, haamini kuwa Mungu yupo, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemsoma Cornelius Van Til, mwanatheolojia aliyeandika jinsi ya kuitetea imani ya Kikristo, kichwa bado cha moto. Kila alilosema nililirukia: unajuaje? Vitu huanguka kwa mvutano. Unajuaje? Tumepima. Unajuaje kwamba kesho vipimo havitabadilika? Mara ya sita akakiweka kikombe mezani taratibu, akasema, "Wewe huongei na mimi. Unanihoji." Akaondoka.

Nalisema hili mapema kwa sababu nataka kuutetea utetezi wa imani wa aina hiyohiyo, na wanaoukosoa wana haki ya kujua kuwa anayewajibu ameshauharibu kwa mkono wake.

Van Til (1895–1987), Mholanzi wa kuzaliwa, alifundisha Seminari ya Westminster huko Philadelphia tangu ilipoanzishwa mwaka 1929. Alishikilia kwamba hakuna mtu anayepima mambo akiwa ananing'inia hewani. Kila mmoja ana dhana tangulizi, yaani mambo anayoyachukua kuwa kweli kabla hajapima chochote: akili yangu inaaminika, maumbile yana utaratibu, kudhulumu ni vibaya. Basi Mkristo asijifanye kuziweka zake mfukoni ili ajadiliane kwenye uwanja usio na mwenyewe. Uwanja huo haupo. Aulize tu: ili haya tunayoyategemea sote yawezekane, ni nini sharti kiwe kweli kwanza?

Kule kumsumbua rafiki yangu kuhusu kesho sikukubuni mimi. Mwanafalsafa David Hume, ambaye hakuwa mtetezi wa Ukristo hata kidogo, alilionyesha tangu karne ya 18: ushahidi wote tulio nao ni wa jana, kwa hiyo ukiutumia kuthibitisha kwamba kesho itafanana na jana, umeshachukulia kuwa kweli kile unachotaka kukithibitisha. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, Greg Bahnsen, mfuasi wa Van Til, alimbana kwenye mdahalo Gordon Stein, asiyeamini Mungu, hivyohivyo kuhusu kanuni za mantiki, ambazo hazina uzito wala mahali zilipokaa. Stein akasema ni makubaliano yanayojithibitisha yenyewe. Lakini makubaliano watu huyafanya na watu huyavunja, na sijakutana na mtu anayeamini kwa dhati kwamba tukipiga kura, kauli na kinyume chake zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Shutuma inayorudiwa kuliko zote ni ya hoja ya mzunguko: unaanzia kwa Mungu ili ufike kwa Mungu. Wanatheolojia R.C. Sproul na John Gerstner, ambao walikuwa wa mapokeo yaleyale ya Van Til, ya Kireformed (Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Calvin), waliikazia mwaka 1984. Nakubali kuwa mzunguko upo. Ila mwambie anayeamini akili peke yake athibitishe kwamba akili inaaminika, uone atatumia nini. Kipimo cha mwisho hakipimwi kwa kingine, la sivyo kisingekuwa cha mwisho. Kinachobaki ni kuuliza ni kipimo kipi kinachoweza kubeba maisha tunayoishi kila siku, na ni kipi kinakata tawi kilichokalia.

Ile ya kwamba tunadharau ushahidi hainisumbui. Kaburi tupu la Yesu nalizungumzia kwa furaha. Najua tu kwamba aliyekwisha kuamua miujiza haiwezekani atasema dunia ina mambo mengi ya ajabu, kisha aendelee na chai yake. Na hakuna anayedai asiyeamini hajui kitu. Rafiki yangu ananishinda hesabu mchana kweupe. Van Til alikuwa na mfano wa mtoto anayempiga baba yake kofi usoni: hawezi kuufikia uso huo asipokuwa amepakatwa.

Pingamizi lenye uzito ni lile aliloandika mwanafalsafa Barry Stroud mwaka 1968 kuhusu hoja za namna hii kwa jumla. Zinaweza kuonyesha kwamba hatuna budi kuamini jambo fulani. Kwamba jambo lenyewe ni kweli, hazifiki huko. Nililala na pingamizi hilo wiki kadhaa, na limeninyoosha ulimi. Siku hizi sisemi "nimethibitisha". Nasema: kama yale ambayo bila hayo huwezi kufikiri huenda si kweli, basi hata pingamizi lako limesimama juu ya ubao huohuo uliooza. Chagua. Dini nyingine nayo ikidai msingi wake unatosha, sina njia ya mkato. Lazima niingie ndani yake, nisome, niulize kama inaweza kubeba inachodai. Hapo ndipo wavivu wa kundi letu huumbuka.

Ukitaka kuitumia njia hii, anza kwa kukaa kimya. Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na mstari wa 5 unaagiza umjibu hivyohivyo. Mimi niliukimbilia wa pili, na nilistahili kuanza kwa kujiuliza mpumbavu pale mezani ni nani. Subiri mtu aseme jambo analolijali hasa. Dhana zake tangulizi ziko hapo, kwenye hasira na upendo wake, kuliko kwenye hoja alizoziandaa kwa ajili yako. Na 1 Petro 3:15 uisome mpaka kwenye "upole na hofu". Wengi wetu tunaishia kwenye "kumjibu kila mtu".

Miezi minne ilipopita rafiki yangu alirudi kwa sababu nyingine kabisa. Mlinzi mzee wa pale anapofundisha alikuwa ameachishwa kazi mwaka mmoja kabla ya kustahili kiinua mgongo, naye alitaka nimsaidie kuandika barua. Alikuwa anatetemeka. "Hata kama sheria inaruhusu," akasema, "hata kama sote tungepiga kura ikapita, huu ni uovu."

Neno langu la zamani lilinifika mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia nakubaliana naye kabisa, kisha nikamwuliza, "Huo uovu usiongoja kura zetu, kwako wewe unasimama juu ya nini?"

Alitazama sakafu muda mrefu. "Sijawahi kuusimamisha mahali," akasema.

Tukarudi kwenye barua ya mzee, ambayo ilikuwa bado haijapata hata sentensi ya kwanza.