Mdakaji na mpigaji wenye takwimu sawa: kwa nini mmoja anapanda kwenye fentasi ya besiboli

Mkuu, umeuliza kwa nini orodha ya fentasi (mchezo wa kuunda timu ya kubuni kwa wachezaji halisi na kupata pointi kwa takwimu zao) inamweka Cal Raleigh juu ya Kyle Schwarber wakati takwimu zao za 2025 ni kama za mapacha. Ni kweli wanafanana. Homurani, yaani mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja, 60 kwa 56. Mbio zilizotokana na magongo yao 125 kwa 132, walizofunga wenyewe 110 kwa 111.

Tofauti ni namba wanayocheza. Raleigh ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago cha vyuma usoni. Schwarber msimu ule karibu mechi zote alikuwa wa kupiga tu, glavu hashiki. Wapiga homurani utawapata namba nyingine nyingi, ila wadakaji wenye gongo la maana ni wa kutafuta kwa tochi.

Mimi hili lilinifunza kwa maumivu. Niko Texas, kazi ghalani, na liga yetu ni ya watu 12. Nilitokea FPL, fentasi ya Ligi Kuu ya England, nikajua mambo ni yale yale. Mwaka wa kwanza nilipanga wachezaji kwa jumla ya pointi, basi. Kufika raundi za mwisho za kuchagua wachezaji kwa zamu, wadakaji wameisha, nikaokota mmoja wa benchi anayecheza siku mbili kwa wiki.

Mwaka wa pili nikajifanya mjanja. Nilitoa wastani wa kila namba, na kwenye wastani wa wadakaji nikawajumlisha hata wale ambao hakuna mtu angewachukua. Wastani ukashuka hadi mdakaji wa kawaida tu akaonekana dhahabu kwenye Excel yangu. Nikamchukua raundi ya tatu. Jamaa wa zamu ya usiku bado wananitania.

Kipimo sahihi ni mtu wa mwisho atakayechukuliwa kwenye namba hiyo. Sisi kila timu ina mdakaji mmoja na watu wa nje (wanaolinda eneo la nyuma la uwanja) watatu, kwa hiyo natazama mdakaji wa 12 na mtu wa nje wa 36. Tuseme mdakaji wako ana pointi 420 na yule wa 12 ana 250: amekuongezea 170. Mtu wa nje ana 480, wa 36 ana 350: amekuongezea 130 tu, japo jumla yake ni kubwa.

Ila usizidishe. Kuchuchumaa kunachosha magoti, kwa hiyo wadakaji hupumzishwa mara kwa mara. Makadirio yako yaanzie kwenye idadi ya mechi. Na shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, watu wanampa nyongeza kwa mazoea tu. Zamani sawa, lakini siku hizi kuna Bobby Witt Jr., Francisco Lindor, Gunnar Henderson, Elly De La Cruz... hapo uhaba uko wapi? Mimi siwapi hata senti. Mwenye namba mbili mhesabu kwenye ile yenye uhaba, mara moja tu.

Sasa umesema liga yenu ina watu wanane. Mdakaji wa nane bado ni mtu mzuri, kwa hiyo Raleigh mshushe kidogo, pengo lake na Schwarber litapungua. Lakini kama kanuni zenu zinataka wadakaji wawili kila timu, mnahitaji 16, na hapo wewe mchukue mapema tu.